Mguso Huanzia Wapi

Ndani ya kila kitufe cha kibodi kuna hukumu. Kidole kinaposhuka, ipo sehemu ambayo kitufe hukubali kwamba kimebonyezwa. Juu ya hapo ulikuwa unagusa tu, chini ya hapo umeshaamua. Kwenye swichi nyekundu ya Cherry MX, ambayo viwanda vingi vimeiiga, kitufe husafiri milimita 4 kutoka juu hadi chini, na hukumu hutolewa kwenye milimita ya 2, katikati ya safari. Kibodi nyingine zina vipimo vyake, lakini desturi ni ileile: mahali hapo hupangwa kiwandani na kufungwa humo. Mwalimu anayeandika barua ya kuomba uhamisho, kijana anayejaza fomu ya mkopo wa chuo, mtu anayekesha akicheza gemu, wote hushuka hadi pale walipopangiwa. Mkono mzito na mkono mwepesi, kidole cha mtoto wa darasa la tatu na cha mzee aliyeshika jembe tangu ujana, vyote hupimwa kwa kipimo kimoja.

Miaka ya karibuni zimeingia sokoni kibodi za sumaku, ambazo humwachia mtumiaji aamue. Zimetengenezwa kwa ajili ya wacheza gemu na hutangazwa kwa sifa ya kasi, na wengi huzinunua kwa sababu hiyo. Nikizitazama kutoka Dodoma naona kwamba kasi ndiyo sehemu ndogo ya habari yake. Kubwa ni kwamba mtu amepewa tena haki ya kupanga mguso wake uanzie wapi. Haki hiyo ina historia ndefu katika nyanda hizi za kati, na inastahili kupiganiwa hata na watu ambao hawatacheza gemu maishani mwao.

Nilionyeshwa kibodi ya namna hiyo Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na kijana anayesomea mambo ya kompyuta. Aliinunua mkononi kwa mtu, imeshatumika. Alichukua kibanio cha waya akaking'oa kifuniko cha kitufe cha W, kisha akaichomoa swichi yenyewe. Ndani yake mlikuwa na springi, na kijiti cha plastiki kilichobeba sumaku ndogo kwenye ncha ya chini. Pale swichi ilipotoka, kwenye bodi, kilikaa kihisi cheusi kidogo kuliko punje ya mtama. Basi, hakuna zaidi. Swichi za kawaida za kimakanika huwa na mabati mawili membamba yanayokutana ili umeme upite. Hapa hakuna chuma kinachogusa chuma. Sumaku inashuka, kihisi kinapima imekaribia kiasi gani, na hesabu hiyo inafanyika mfululizo muda wote kidole kikiwa njiani.

Akairudisha swichi, akafungua programu ya mipangilio. Kwenye skrini palikuwa na mstari wima kando ya picha ya kitufe. "Weka kidole taratibu, mzee," akaniambia, "usibonyeze." Nilipoweka tu uzito wa kidole, mstari ukashuka kidogo. Nikaongeza, ukaongezeka. Nikasimama katikati, nao ukasimama. Nilikuwa nimetumia kompyuta miaka mingi, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kidole changu kikichorwa kilivyo, na kusita kwake na kutetemeka kwake, badala ya kuhesabiwa ndiyo au hapana.

Kijana alikuwa amepanga kila eneo kivyake. Vitufe vinne vya kutembea ndani ya gemu, yaani W, A, S na D, aliviweka karibu sana na juu, vikubali mguso mwepesi. Herufi nyingine anazoandikia kazi za darasani aliziacha kwenye milimita 2. Kile kitufe kirefu cha nafasi alikishusha hadi karibu na chini, kwa sababu dole gumba lake hupumzika juu yake na zamani lilikuwa likimrukia bila kukusudia. Alinieleza hayo kama fundi cherehani anavyoeleza kwa nini bega moja la mteja limekatwa tofauti na jingine. Alikuwa ameusoma mkono wake mwenyewe.

Nguvu inayotumika humo ni ya zamani. Mwaka 1879, huko Baltimore nchini Marekani, mwanafunzi aitwaye Edwin Hall alipitisha umeme kwenye utando mwembamba wa dhahabu akausogezea sumaku. Umeme ule ukasukumwa pembeni, na kati ya kingo mbili za dhahabu pakatokea tofauti ndogo ya volti. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi, tofauti inakua, ikififia, inapungua. Maana yake ukijua volti, unajua sumaku iko mbali kiasi gani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kitengo cha Micro Switch cha kampuni ya Honeywell kiliitia kanuni hiyo kwenye kibodi, kikatengeneza vitufe visivyochakaa upesi kwa kuwa havikuwa na mabati ya kugusana. Lakini kihisi chenye uwezo wa kupima safari nzima ya kidole kilipewa kazi ya kujibu swali moja tu: kimebonyezwa au hakijabonyezwa? Swali likabaki hilo kwa takriban nusu karne.

Waliolibadilisha swali ni watu wa gemu. Mwaka 2016 kampuni changa ya Uholanzi, Wooting, ilichangisha fedha kwa umma ili itengeneze kibodi inayosoma kina cha kila kitufe. Za kwanza zilitumia mwanga, za baadaye zikatumia sumaku. SteelSeries wa Denmark walitoa yao ya sumaku mwaka 2019. Kwenye Wooting 60HE, iliyoingia sokoni mwaka 2022, mwenye kibodi huchagua mwenyewe mahali pa hukumu kuanzia milimita 0.1 hadi 4.0, kitufe kwa kitufe. Kwa kuwa kina kinajulikana, gari ndani ya gemu laweza kukata kona polepole kidole kikishuka nusu, na kukata kwa nguvu kikishuka chote. Kuna jambo jingine ambalo wachezaji hulithamini zaidi. Swichi ya zamani hukubali kwamba umeachia pale tu kitufe kinapopanda na kuvuka alama yake. Hii ya sumaku hufuata mwelekeo: kidole kikianza kupanda, hata sehemu ya kumi ya milimita, imehesabiwa umeachia, kikianza kushuka tena, umebonyeza tena. Mchezaji wa gemu za kulenga shabaha, ambaye lazima asimame ndipo afyatue, husimama pale kidole kinapobadili nia.

Sasa niseme kwa nini ninaiita haki hii ya zamani. Wagogo wa nyanda hizi wana ilimba, sanduku la mbao lenye vibapa vya chuma juu yake, ambalo mpigaji hulishika kwa mikono miwili na kulipiga kwa vidole gumba. Vibapa vimebanwa kwa nguvu lakini havikugongelewa misumari. Kila kimoja husogea. Ukikivuta upande wa kupigwa uwe mrefu, sauti inashuka. Ukikirudisha nyuma kiwe kifupi, inapanda. Kabla ya kuimba, mwenye ilimba hukigonga kibapa polepole, hupiga, husikiliza, hukigonga tena. Urefu wa safari ya chuma anaupanga yeye, kwa sikio lake na kwa koo la atakayeimba.

Kazi hiyo ina sababu yake. Muziki wa Kigogo hufuata sauti ambazo zimo kwa asili ndani ya uzi mmoja unaotetema, ikiwemo ile ya saba katika mfuatano huo. Sauti ya saba haipo kwenye kinanda. Kitufe cha kinanda kilicho karibu nayo kiko juu yake kwa karibu theluthi ya nusu-toni, na sikio lililolelewa Chamwino au Bahi hulijua pengo hilo mara moja. Hukwe Zawose, aliyezaliwa kijiji cha Doda mkoani Dodoma na kufariki Bagamoyo mwezi Desemba 2003, aliibeba ilimba hiyo kutoka kwenye ngoma za kijijini hadi majukwaa ya Ulaya, na mwaka 1996 ikasikika kwenye albamu yake Chibite iliyotolewa na Real World. Kama vibapa vyake vingefungwa kiwandani kwa kipimo cha kinanda, wimbo uleule ungetoka umepotoka, na dunia ingedhani Wagogo ndio wanaokosea. Ilisikika sawa kwa sababu chombo kiliruhusu kupangwa na mtu aliyejua anachokitaka.

Nyanda za kati zilikuwa pia na chombo cha pili. Tabora kuna Chuo cha Uhazili, ambacho leo kimo ndani ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, na vizazi vya makatibu muhtasi wa nchi hii vilijifunza hati mkato na upigaji chapa hapo. Mashine za taipu za karne ya 20, nyingi zao, zilikuwa na kiwiko kidogo cha kukaza au kulegeza uzito wa vitufe. Mwenye mkono mwepesi alilegeza. Anayetaka barua na nakala zake zilizopangwa na karatasi za kaboni, alijua lazima apige kwa nguvu ili herufi ifike karatasi ya mwisho. Na herufi yenyewe ilibeba ushahidi: a iliyopigwa na kidole kidogo, kilicho dhaifu, ilitoka hafifu kuliko j iliyopigwa na kidole cha shahada. Mkaguzi mwenye macho angeweza kuitambua kazi ya mpiga chapa mmoja na mwingine kwa weusi wa herufi peke yake.

Kompyuta ilipokuja ofisini, kiwiko kile kikatoweka na uzito wa mkono ukafutwa. Kibodi za bei nafuu zenye tabaka la mpira chini ya vitufe zikaenea kila mahali, na herufi zote zikatoka na weusi mmoja. Hatukulalamika, kwa kuwa tulipata mengi: kufuta bila kuchafua karatasi, kuhifadhi, kutuma. Lakini tulizoea pia kuamini kwamba kidole kinachokosea ndicho chenye kasoro, na kwamba dawa ni kukifundisha kidole mpaka kilingane na kitufe. Hapo ndipo ninaposimama kupinga. Miaka elfu ya ufundi inatuambia kwamba mkono hutafutiwa mpini, na mvunaji wa mtama hachukui kisu kisichomkaa.

Dodoma ina sababu yake ya kulifikiria jambo hili. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu. Wizara zilipohamia kweli, kuanzia 2016, ulihamia nao umati wa watu ambao kazi yao ya kutwa ni kubonyeza. Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, waraka hauendi popote kabla vidole vya mtu havijaupitia. Bungeni, kila neno linalosemwa na mbunge huandikwa neno kwa neno kwenye taarifa rasmi ya majadiliano. Huu ni mji wa vitufe. Nao umejengwa kwenye nyanda kavu zenye mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki upepo huinua vumbi jekundu ambalo hupenya madirisha, vitasa na mashine. Vumbi linapokaa kati ya mabati mawili ya swichi, kitufe huanza kuandika herufi mara mbili au kukataa kabisa. Uga wa sumaku haujali vumbi. Kijiti chaweza kukwama na kitahitaji kusafishwa, lakini hakuna mguso wa kuziba.

Kuhusu kasi, lazima tuseme ukweli. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hivyo kila kilomita 1,000 kati yako na seva hukula milisekunde 10 kwenda na kurudi, kabla hujahesabu mitambo ya njiani. Kijana wa Ng'ong'ona anapocheza na watu wa Ulaya, mguso wake hushuka hadi Dar es Salaam kwa mkongo wa taifa, huzama baharini, na hukata maelfu ya kilomita kabla ya kuhesabiwa. Njia hiyo ikiwa na urefu wa kilomita 9,000, milisekunde 90 zimekwenda, na hakuna sumaku itakayozirudisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliharibika kwa pamoja, na nchi nzima ikaona jinsi mawasiliano yetu yanavyoning'inia kwenye nyuzi chache. Milimita chache za kidole ni milisekunde chache. Zina thamani kamili pale wachezaji wanapokaa chumba kimoja kwenye mtandao mmoja; kwa anayecheza na ughaibuni ni tone ndani ya umbali.

Nilimuuliza kijana kama analijua hilo. Analijua vizuri kuliko mimi. Anakaa akiitazama namba ya ucheleweshaji kwenye kona ya skrini kila siku. "Sasa unafaidi nini?" nikamuuliza. Akajibu: "Nikikosa, najua nimekosa mimi." Jibu hilo nimelifikiria sana. Kwenye kibodi yake ya zamani hakuweza kutenganisha kosa la kidole, kosa la kitufe na kosa la mtandao. Yote yalikuja yamefungwa furushi moja. Alipopanga vitufe mwenyewe, sehemu moja ya furushi ikafunguka. Alijua kidole chake kilishuka kiasi gani na lini kilianza kurudi. Na mtu asiyejua kosa lake lilipotokea hana pa kuanzia kujirekebisha, awe mpiga ilimba, mpiga chapa au mcheza gemu.

Jambo hili lina mpaka wake, na mpaka huo umeshajitokeza hadharani. Mwaka 2024 kampuni ya Razer ilitoa mpangilio uitwao Snap Tap: ukishikilia A kwenda kushoto na ukabonyeza D kwenda kulia, kibodi yenyewe huifuta A na kuitambua D peke yake, kisha huirudisha A ukiachia D. Kubadili upande na kusimama kwa wakati sahihi ni ufundi ambao wachezaji wa Counter-Strike huufanyia mazoezi kwa miaka. Mwezi Agosti mwaka huohuo Valve, wenye gemu hilo, walipiga marufuku msaada wa aina hiyo kwenye seva zao rasmi. Naona walifanya sawasawa. Kusogeza mahali mguso unapoanzia ni kukiweka chombo kiusikie mkono. Kukiachia chombo kiamue lini kidole kimoja kimeachia, wakati mwenye kidole hajaachia, ni kumwondoa mtu kwenye kazi yake.

Ilimba inaujua mpaka huo. Kwenye zile kubwa, baadhi ya vibapa havipigwi kamwe. Vimepangwa ili viitikie: jirani akipigwa, navyo vinatetema na kuinenepesha sauti. Msaada upo, tena mwingi, lakini unakuja baada ya kidole kufanya sehemu yake, na kidole kikipiga ovyo, vibapa hivyo huitikia ovyo vilevile. Hakuna kibapa kinachosahihisha. Mipangilio mizuri ya kibodi inapaswa kuwa hivyo: ikuze kile ambacho mkono umefanya, ikiwemo makosa yake.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona mazungumzo yote ya kibodi hizi yameachiwa wacheza gemu na watangazaji wao. Fikiria karani ambaye mikono yake imeanza kutetemeka kwa umri au kwa maradhi. Ukishusha mahali pa hukumu karibu na chini, migusano ya bahati mbaya haihesabiki, na anaandika bila kufuta kila neno la tatu. Fikiria mwenye maumivu ya viungo, ambaye kila kubonyeza hadi chini humuuma. Ukipandisha mahali hapo karibu na juu, anaandika kwa kugusa tu. Fikiria mtoto anayeanza shule akiwa na ulemavu unaofanya mkono mmoja uwe mzito kuliko mwingine. Upande mmoja wa kibodi waweza kupangwa kivyake. Hakuna kinachohitaji kuvumbuliwa hapo. Uwezo umo tayari ndani ya kitu kinachouzwa kama kifaa cha starehe.

Bei bado ni kikwazo. Wooting 60HE iliuzwa kwa takriban dola 175, kabla ya usafirishaji na ushuru, na kwa mshahara wa karani huo ni mzigo. Lakini viwanda vya China sasa vinatoa kibodi za sumaku kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na bei ya teknolojia ya namna hii ikishaanza kushuka haipandi tena kirahisi. Anayenunua aangalie mambo mawili ambayo matangazo hayayasisitizi. La kwanza, mipangilio ihifadhiwe ndani ya kibodi yenyewe, ili ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine, mkono wako uhame nayo. La pili, programu ya kupangia isitegemee intaneti wala akaunti. Kitu ambacho lazima kiombe ruhusa ng'ambo ya bahari ili ushushe kitufe kimoja bado hakijawa chako, hata kama umelipia.

Ofisi zinazonunua kibodi kwa mamia zina nguvu ya kudai haya, kwa kuwa wauzaji huleta kinachodaiwa. Kila idara ikianza na chache, kwa wale ambao mikono yao inawasumbua, tutajifunza haraka nani anafaidika na kwa kiasi gani. Na vyuo vinavyofundisha uhazili na kompyuta viirudishe kwenye somo la kwanza ile kazi ambayo kiwiko cha mashine ya taipu kiliifanya ionekane ya kawaida: mwanafunzi aipange mashine yake kabla ya kuitumia, na mtihanini aulizwe kwa nini amechagua kina alichokichagua. Atakayeweza kujibu atakuwa ameuelewa mkono wake, na atafanya kazi miaka mingi bila kuuumiza.